Karatasi Iliyokunywa Chai

Karatasi ya Kijapani haishikwi kwa pembe. Ikiwa kavu unaweza kuivuta mpaka ushangae nguvu zake, maana imetengenezwa kwa nyuzi ndefu za gome la mti. Lakini ikishalowa, ukiiinua kwa pembe, pembe itabaki mkononi mwako na karatasi itabaki majini. Inatakiwa upitishe kitambaa chini yake ingali inaelea, uiache ilale yenyewe juu ya kitambaa, kisha uinue kitambaa. Karatasi huigusi.

Niliishika kazi hiyo upesi kwa sababu mikono yangu ilikuwa imefunzwa na kazi nyingine. Kabla ya kuajiriwa katika studio ya picha mjini Garissa, nilikuwa nikiosha maiti pamoja na mjomba wangu, ndugu wa mama, aliyekuwa mwosha maiti wa msikiti wetu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba maiti hainuliwi kwa mkono wala kwa mguu, huinuliwa kwa nguo iliyopitishwa chini yake. Kwamba maji humiminwa kutoka karibu, yasianguke kwa kishindo. Kwamba unaanza upande wa kulia, na unaosha kana kwamba anasikia maumivu.

"Huyu hawezi kukuambia taratibu," mjomba alikuwa akisema. "Basi jiambie mwenyewe."

Namshukuru Mwenyezi Mungu kwa mafunzo hayo. Yalinipa riziki katika miaka ambayo wengi kwetu hawakuwa na cha kutia chunguni.

Ilikuwa wakati wa shifta, miaka ile ya mwanzo ya uhuru. Wajukuu zangu huniuliza vita vile vilikuwa vya nini, nami huwaeleza kwa ufupi. Walikuwako waliotaka nchi yetu ya kaskazini mashariki ijiunge na Somalia, serikali ikakataa, wakaingia porini na bunduki, nao ndio walioitwa shifta. Baada ya hapo kila mwanamume aliyeonekana na ngamia aliweza kuwa shifta machoni pa askari, na kila aliyesimama kuzungumza na askari aliweza kuwa msaliti machoni pa shifta. Wafugaji walikusanywa katika vijiji vilivyozungushiwa ua, na mifugo ikafa humo humo ndani kwa kukosa malisho, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka upande huo tulifunga madirisha. Jioni ilikuwa kafyu, hakuna kutoka nje. Barabara ya Modogashe ilipitwa kwa msafara tu, malori katikati na askari mbele na nyuma. Na kila mtu mzima alitakiwa atembee na kipande chenye picha yake.

Ndiyo maana studio ilikuwa na kazi. Mwenyewe alikuwa mzee wa pwani, mtu mrefu mwenye kikohozi, aliyefika Garissa zamani akiwa na kamera ya sanduku na nia ya kukaa mwaka mmoja. Hakuwahi kuondoka. Alipenda utani kuliko chakula. Mimi aliniita Sheikh, kwa sababu nilikuwa nimehifadhi Kurani, na kwa sababu nilikuwa nikisoma Bismillahi kabla ya kufungua kila chupa ya dawa.

"Soma, Sheikh, soma," alikuwa akiniambia. "Dawa yenyewe imepitwa na wakati. Haina kingine cha kuisaidia."

Kuhusu picha nilikuwa nimemwuliza mwalimu wangu wa duksi, yule aliyenisomesha Kurani juu ya ubao tangu utotoni, ambaye sasa ndiye watu waliyemwendea kwa mambo ya ndoa, talaka na mirathi. Aliuliza, "Mtu asiye na picha leo hukamatwa?"

"Hukamatwa, sheikh."

"Basi piga. Lakini usiipende."

Nilijitahidi kulifuata neno hilo. Nikiri kwamba karatasi niliipenda.

Karatasi za kawaida za picha zilikuwa zikija na malori kutoka Nairobi, na malori yalikuwa yakija kwa kudra. Zilipokwisha kabisa, mzee alipanda juu ya kiti akashusha kutoka darini bahasha ngumu iliyofungwa kwa kamba. Iliachwa, alisema, na mama mmoja daktari, Mzungu, aliyekuwa akichapisha picha za majani ya mimea kwa rangi ya buluu. Alipohama alimwachia mzee chupa mbili za unga, mmoja wa kijani na mwingine mwekundu, na hizo karatasi za Kijapani. Mchwa walikuwa wameshaingia. Sehemu kubwa ilikuwa vumbi, na zilizosalia zilikuwa chache.

Mzee alinifundisha kama alivyofundishwa. Unga wa kwanza unauyeyusha peke yake, wa pili peke yake, kisha unavichanganya ndani ya chumba chenye mwanga hafifu. Karatasi ina uso laini na uso wenye manyoya. Unaipapasa kwa mgongo wa kidole kikavu, kwa sababu ncha za vidole zina jasho, na jasho la Garissa si la kuchezea. Dawa inapakwa kwenye uso laini kwa brashi ya manyoya ya mbuzi, kwa mkono mwepesi, bila kurudia, maana ukirudia nyuzi zinaamka na kufuatana na brashi. Ikikauka gizani inakuwa na rangi ya kijanikijani. Hapo unalaza negativu juu yake, ile filamu ambayo ndani yake cheupe ni cheusi na cheusi ni cheupe, unagandamiza kwa kioo, unaiweka juani. Jua lilikuwa kitu kimoja tusichopungukiwa. Baada ya muda karatasi inakuwa na rangi ya majivu, nawe unaiingiza majini, na majini ndimo sura inapotokea, buluu, huku umanjano wa dawa ukitoka kama moshi. Unaosha mpaka umanjano uishe. Ukiuacha, utaila picha siku za mbele.

Tulijaribu pia karatasi ya daftari. Iligeuka uji ndani ya beseni.

"Wewe karatasi hii waiogopa kama mkweo," mzee alinicheka siku ya kwanza aliponiona nikiinua ile ya Kijapani juu ya kipande cha bafta.

"Siiogopi, mzee. Naistahi."

"Haya, istahi. Lakini usije ukaisalia."

Siku moja askari walileta maiti kwa lori, wakamlaza kando ya barabara karibu na soko, juu ya turubai. Walisema ni shifta, amepigwa risasi njia ya Modogashe. Tuliamriwa tupite mmoja mmoja, tumtazame, tuseme kama tunamjua. Tulipita. Jua lilikuwa kali na nzi walikuwa wengi. Mimi sikumjua, na nilisema kweli. Lakini niliwaona wengine wakiinamisha macho haraka mno, na sikuwalaumu, kwa sababu aliyesema namjua angeulizwa amjuaje, na kutoka kwenye maulizo hayo wako ambao hawakurudi. Mtu mzima kabisa, mwenye ndevu zilizopunguzwa vizuri, akawa hana jina mbele ya mji mzima.

Mzee wa studio aliitwa ampige picha ya uso. Nilimbebea kamera. Wakati akipima mwanga nilipiga magoti, nikawafukuza nzi kwa kofia yangu. Macho ya yule mtu yalikuwa wazi. Nilimtazama askari aliyekuwa karibu, kijana wa bara, naye akageuza uso upande wa mto. Nikamfumba macho kwa kidole gumba na cha shahada, nikasoma nilichoweza kusoma kwa sauti ya chini. Kisha mzee akapiga.

Mjomba wangu alikwenda kuomba aruhusiwe kumwosha. Aliambiwa asubiri. Alisubiri na kopo lake na sanda yake nje ya geti mpaka kafyu ilipokaribia, na asubuhi akaambiwa ameshazikwa. Wapi, hakuambiwa. Tangu nimjue sikuwahi kumwona mjomba akirudi nyumbani na sanda iliyokunjwa.

Negativu ilibaki kwetu, ikingojea karatasi kutoka Nairobi ili itolewe picha ya ofisi. Karatasi haikuja. Mwishowe tukaambiwa negativu yenyewe itachukuliwa jioni, isafiri na msafara wa alfajiri, huko mbele watajua wenyewe la kufanya.

Asubuhi ya siku hiyo waliingia studio watu wawili. Mmoja alikuwa mwanamke kijana, amembeba mtoto mgongoni, miguu yake imejaa vumbi la safari. Mwingine alikuwa mzee mfugaji mwenye ndevu zilizotiwa hina, anatembea na fimbo. Walikuwa wamefika jana yake na lori kutoka Modogashe, kwa ruhusa ya kuja kupiga picha za kipande. Mwanamke alikaa kitini mbele ya pazia, akatengeneza shela lake, akamtazama mzee wa studio.

"Mimi nataka bicha," alisema kwa Kiswahili chake. "Lakini si bicha yangu. Bicha ya mume yangu. Watu nasema iko hapa."

Mzee aliacha kutabasamu. Akaenda akafunga mlango.

Nilizungumza naye kwa Kisomali, na maneno yake nayaandika hapa kama nilivyoyaelewa. Mumewe alikuwa akisafiri na malori, akinunua ngozi. Aliondoka kwenda Garissa hakurudi. Dereva mmoja aliwaambia kwamba mtu aliyefanana naye alilazwa kando ya soko akapigwa picha. Yule mzee mwenye hina alikuwa baba wa mumewe.

"Mwanangu yuko Elwak," mzee alidakia kabla hajamaliza. "Amevuka mpaka. Vijana wote wamevuka. Huyu binti anapenda kulia tu."

"Sijalia, adeer," mwanamke alimwambia. Sisi humwita mzee hivyo, ni kama kusema baba mdogo. "Ningelia ningepumzika." Akanigeukia, akaniita ndugu kwa lugha yetu. "Walaal, kama yuko hai nimngoje. Kama amekufa nikae eda yake, na asaliwe. Sasa mimi si mke, si mjane. Nikipika sijui nampikia nani. Naye kama amekufa, amekufa bila mtu kumwombea."

Nilikwenda mbio kwa mwalimu wangu. Nilimweleza bila kumtajia mtu. Alisema mke wa aliyepotea haingii eda kwa uvumi, wala sala ya maiti asiyekuwepo haisaliwi kwa kudhani. Awepo aliyeiona maiti, na awepo anayeijua sura.

"Maiti tumeiona mimi na mzee wa studio," nikasema.

"Basi tafuta anayeijua sura," akasema. "Na uifanye leo, kama unavyosema kitu hicho kinaondoka leo."

Negativu peke yake haikufaa. Tuliwaonyesha mbele ya dirisha, wakaona mtu mwenye uso mweupe na ndevu nyeupe, na yule mzee akacheka kwa sauti kubwa. Ilibidi ichapishwe. Karatasi za Kijapani zilikuwa zimebaki mbili. Unga wa chupa ulitosha hizo mbili, kwa kukung'uta.

Ya kwanza tuliipoteza kwenye brashi. Mzee wa studio alishikwa na kikohozi wakati anapaka, mkono ukarudi pale pale ulipokwisha kupita, nyuzi zikaamka na karatasi ikafunguka tundu katikati. Aliitazama, akanipa brashi.

"Paka wewe, Sheikh. Mimi kifua changu leo ni cha shetani."

Nilipaka. Ilikauka. Tuliiweka juani nyuma ya nyumba, na yule mwanamke akachuchumaa kando ya kioo, akakitazama muda wote kama mtu anayelinda maziwa motoni yasimwagike. Ilipopata rangi ya majivu niliiingiza ndani. Mtungini tulikuwa na maji ya mto kidogo, yaliyokwisha kutuliza tope lake. Niliyamimina kwenye sinia, kutoka karibu, nikalaza karatasi juu yake. Sura ikatokea. Paji, pua, ndevu, macho yaliyofumbwa. Kila kitu kilikuwapo, na kila kitu kilikuwa buluu.

Niliiinua juu ya bafta, nikaitoa kwenye mwanga.

Mzee wa hina alikuja karibu, akainama, na nikaona kifua chake kikishuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Huyu si mwanangu," alisema. Kisha akamgeukia mzee wa studio kwa Kiswahili: "Waryaa, mzee wa bwani! Kwenu watu nakuwa rangi hii? Mtoto yangu si nili. Hii ni jini!"

"Kwetu wako wa kila rangi, mzee mwenzangu," mzee wa studio alimjibu. "Ni dawa tu iliyompaka rangi."

"Jini," alisisitiza. "Twende, binti. Lori litatuacha."

Mwanamke hakuondoka. Alikuwa ameinamia bafta, mdomo wazi. Alisogea kushoto, akasogea kulia. "Sijui," alisema. "Nikitazama kidevu ni yeye. Nikitazama yote, ni mtu wa ndani ya maji. Sijui, walaal. Sijui!" Na hapo ndipo sauti yake ilipovunjika kidogo, kwa sababu alikuwa amesafiri njia yote ile kutafuta jibu, na jibu lilikuwa mbele yake asilisome.

Nikaona umanjano ungali kwenye pembe za karatasi. Nikasema tuioshe vizuri kwanza, itakate, labda atamwona. Maji ya mto yalikuwa yamekwisha. Nilitoka na debe, nikarudi nalo tupu: kumesikika risasi upande wa ng'ambo na askari wameifunga njia ya mtoni. Yaliyokuwapo ni maji ya kisima cha nyuma, ya chumvi, yale tuliyowapa mbuzi.

"Maji ni maji," alisema mzee wa studio. "Tia."

Nami nilifikiri hivyo hivyo. Maiti wangapi tulikuwa tumewaosha kwa maji ya kisima kile, wakatakata? Niliyajaza kwenye sinia, nikailaza karatasi, nikakaa kando yake kwa subira, nikiyatikisa maji kwa ncha ya kidole. Niliamini kinachooshwa sana hutakata sana.

Buluu ilianza kuondoka kwenye paji. Mwanzo nilidhani ni kivuli cha mkono wangu. Kisha ndevu zikawa zambarau hafifu, kisha rangi ya maji ya mchele. Nikaita. Mzee wa studio alikuja, akatia kidole ndani ya sinia, akakiweka ulimini.

"Magadi," alisema. "Kisima hiki kina magadi, na magadi hula buluu. La haula!"

Mwanamke alikuwa ameshafika nyuma yetu. Palipokuwa na uso pamebaki doa la manjano, jepesi, kama mahali palipomwagika siagi. Hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Amekwenda tena?"

Baba mkwe wake ndiye aliyesema kwa nguvu, "Umeona? Jini huyo! Ameoshwa ametoweka!" Lakini alikuwa amekaa chini ukutani.

Mzee wa studio alibaki ameinama juu ya sinia. Nilidhani anakohoa. Kumbe anafikiri. Akasema polepole, "Yule mama daktari alikuwa akifanya hivi makusudi. Picha zake alikuwa akizilisha magadi, mie nikimwona mwendawazimu. Kisha akizitia..." Akageuka kutafuta kitu kwa macho. "Sheikh, birika liko wapi?"

"Birika gani?"

"La chai, bwana wee! Kuna birika jingine humu?"

Birika lilikuwa jikoni, limejaa chai ya rangi. Maziwa yalikuwa hayajaonekana Garissa kwa muda mrefu, kwa hiyo kila nyumba ilikunywa chai kavu, na ya mzee ilikuwa nzito kiasi cha kufanya ulimi ukakamae. Haikuwa na sukari. Tukashukuru kwa hilo pia. Tulisubiri ipoe. Niliitoa karatasi kwenye maji ya kisima juu ya bafta, nikaona imelegea sana, imekuwa kama utando wa maziwa, nikaogopa hata kupumua. Niliishusha ndani ya chai.

Haikutokea kitu. Msikitini ikaadhiniwa Adhuhuri. Hatukuweza kuiacha, tukasali pale pale sakafuni, mimi, mzee wa studio na mzee wa hina, na mwanamke nyuma yetu. Nilipotoa salamu nilimsikia mtoto akilia na mama yake hamnyamazishi. Alikuwa amekwisha kusimama penye sinia.

Ndani ya chai, uso ulikuwa unarudi. Haukurudi kwa buluu. Ulikuja kahawia, kuanzia kwenye nyusi, kisha mashimo ya macho, kisha ndevu, ukazidi kukolea mpaka ukawa na weusi wa mtu, weusi wetu sisi, na paji la uso liking'aa kidogo kama alivyong'aa siku ile juani. Alikuwa anaonekana amelala.

Mwanamke alisema, "Adeer, njoo."

"Mimi nimeshatazama."

"Njoo, adeer."

Alikuja akiburuta miguu. Alitazama ndani ya sinia muda ambao mtu angeweza kusoma Fatiha. Kisha akaiacha fimbo ikaanguka, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un." Akairudia. Akalitaja jina la mwanawe, na hilo ndilo lililokuwa jina lake yule mtu asiyejulikana na yeyote. Sitaliandika.

Mwanamke alifunika uso kwa shela. Alipolitoa, macho yake yalikuwa makavu. Aliniuliza, "Nani alimfumba macho?"

"Mimi."

"Nani alimwosha?"

Nikamwambia ukweli, kwamba hakuoshwa. Kwamba mjomba wangu alisubiri nje ya geti na sanda, na hakupewa.

Alitazama mikono yangu, na kile kipande cha bafta nilichokuwa nimekishika. "Nimekuona unavyoiinua," alisema. "Wewe unaosha watu."

"Naosha."

"Basi mwoshe."

"Dada yangu, hii ni karatasi."

"Najua ni karatasi, walaal. Sina akili za mtoto. Mwoshe nione."

Nilitaka kumwambia kwamba dini haina jambo kama hilo, na kweli haina. Mzee wa studio, aliyekuwa na utani kwa kila jambo, hakuwa nao. Alitoka, akarudi na gudulia lake la maji ya kunywa, maji ya mto aliyojiwekea kwa ajili ya kikohozi chake, akaniwekea mezani.

Nilipitisha bafta chini, nikaiinua karatasi kutoka kwenye chai, nikailaza kwenye sinia safi. Sikunuia kitu, Mungu ananijua. Nilimimina maji kutoka karibu, upande wa kulia wa uso, kisha upande wa kushoto. Ilikuwa imekaa majini kupita kiasi, imekwenda kwenye jua, kwenye magadi na kwenye chai, na kitu kilichotengenezwa kwa gome la mti kina mwisho wake. Nilipomimina mara ya mwisho ilianza kuachana. Haikupasuka. Nyuzi zilijitenga polepole, kila moja ikachukua njia yake, na uso ukafunguka katikati yake, ukawa manyoya ya kahawia yanayoelea.

Nilitazama juu nikiwa na hofu. Yeye alikuwa ametulia kabisa.

"Mwache," alisema. "Njiani wanapekua. Ningemficha wapi?"

Nilizikusanya zile nyuzi ndani ya bafta, nikaikamua taratibu na kuikunja. Mwalimu wangu alisema baadaye tuiweke mahali pasipokanyagwa, na wala tusiiite kaburi. Nilifanya hivyo.

Ofisa alikuja kuchukua negativu kabla ya kafyu. Aliitazama kwenye dirisha kama walivyoitazama wao. "Huyu hajajulikana bado?" aliuliza.

"Watu wa hapa wanasema hawamjui," alijibu mzee wa studio, na kwa kadiri ya maneno alikuwa amesema kweli. Negativu ikaondoka.

Lakini kabla ya hapo, baada ya Alasiri, nilikuwa nimekwenda na mzee wa hina na mzee wa studio kwa mwalimu wangu. Nilitoa ushahidi wangu wa niliyemwona amekufa kando ya soko, na mzee wa studio akatoa wake. Kisha mwalimu akamgeukia yule baba, akamwuliza ameonaje sura. Baba akanielekeza mimi kwa fimbo. Nikaeleza mimi alichokisema penye sinia.

"Baba hasemi maneno hayo juu ya mtoto wa mwingine," mwalimu akasema. "Yanatosha. Mwambieni binti akae eda."

Kumsalia tulikuwa watu wachache, ndani ya ua wa mwalimu, kwa sababu kukusanyika wengi kulikuwa na hatari yake. Mjomba wangu alikuwepo. Alisimama mstari wa mbele. Nyuma ya ukuta wa makuti, katika chumba cha wake wa mwalimu, yule mwanamke alikuwa amekwisha kuvua bangili zake na kukaa, na mtoto wake tulimsikia akicheka kitu fulani.

Sala ya maiti haina rukuu wala sijida. Mtu anasimama tu. Siku zote nilizowahi kuisali palikuwa na jeneza mbele, na jicho hupata pa kutua. Siku ile mbele yetu palikuwa na mchanga, na kuku mmoja aliyekatiza akaenda zake. Mwalimu aliinua mikono akasema Allahu Akbar, nami nikainua yangu mpaka masikioni, na ilipopita karibu na uso wangu ilikuwa ingali inanuka chai.